Fremu Iliyovuta Kushoto

Maisaka, Babati
5 Mei 2025

Ndugu yangu Hilary,

Usishtuke kuletewa barua na konda wa basi kana kwamba tumerudi enzi zetu. Simu ninayo. Tatizo ni sauti yangu. Miaka thelathini na minane ya kufundisha hesabu kwenye darasa la watoto sabini imeniharibu koo. Nikisema "haloo" hapa Maisaka, anaitika hata muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara. Na jambo hili ni la siri. Kwa hiyo tuandikiane, na majibu uyatume kwa jina la mpwa wangu Anselimu, siyo langu.

Siri yenyewe ni hii: Pijo lipo.

Najua niliwatangazia wote, wewe na Josephine, kwamba mwaka 2009 nililiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Sikuliuza. Nililivuta kwa trekta mpaka uani kwa Anselimu kule Singe, nikalifunika turubai, na miaka kumi na sita kuku wake wametaga kwenye kiti cha nyuma. Josephine ndiye aliyenisukuma niseme uongo. Mke wangu hajawahi kulipenda lile gari. Landrova ya kliniki aliiendesha mpaka anastaafu unesi, lakini usukani wa Pijo hakuwahi kuugusa. Kila lilipovuta kushoto barabarani aligeuza uso dirishani akasema, "Liuze, Baba Rogathe." Kuna siku alisema huku analia. Nikashindwa kuliuza, na nikashindwa kumwambia kwamba nimeshindwa.

Sasa tarehe 16 Agosti tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, na imeangukia Jumamosi kama mwaka ule. Binti yetu Rogathe ameshaunda kamati. Kwenye karatasi yao nimesoma: "Usafiri wa maharusi: Noah." Noah, Hilary! Mimi nataka nimpeleke mama yao kanisani kwa gari lilelile ulilomleta nalo wewe kutoka kwao Dareda ukiwa msimamizi wangu. Unakumbuka? Nilikuwa mlangoni pa kanisa, nikalisikia linakuja, na lilipofika nikalizunguka lote, tairi kwa tairi, wala sikuona mkwaruzo. Uliliendesha kwa heshima. Kwenye picha nimeweka mkono juu ya boneti, Josephine yuko kando na lile doa la shela ambalo marehemu mama aliapa kuwa ni mchuzi.

Hofu yangu nakwambia bila aibu: sijui atafurahi au atageuza uso tena. Lakini nisipojaribu, nitazikwa na swali.

Injini Anselimu ameshaiamsha. Kinachotukwamisha ni fremu ya mbele, ile iliyolala kwa upana chini ya injini na kubeba injini yenyewe, usukani na mikono ya magurudumu. Imeliwa na kutu, na upande wa kushoto ina ufa unaopitisha kucha. Haichomeleki. Tunahitaji nyingine, na anayejua vyuma kuliko wewe simjui. Nichagulie.

Wako,
Mwl. Leonard

*

Pasua, Moshi
12 Mei 2025

Mwalimu,

Barua yako nimemsomea mke wangu Antonia kwa sauti. Amecheka mpaka akaketi kwenye ndoo ya unga. Mtu anaficha gari zima kwa mkewe miaka kumi na sita! Wenzako huficha chupa.

Lakini umenifurahisha, mzee mwenzangu. Siku tatu nimezunguka Moshi na Arusha nikikutafutia, kwa jicho langu moja. Hili la kulia limeingia mtoto wa jicho, nikitazama moto wa kuchomelea naona kama mwezi una ukungu. Usihofu, vidole vyangu bado vinaona.

Una njia tatu. Ya kwanza nimeikuta kwenye yadi ya magari mabovu: fremu ya Pijo halisi, imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha padri. Nikaigonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia, hii ilikohoa. Nikachomeka bisibisi chini yake, ikazama kama kwenye ugali. Mwenye yadi akanikasirikia, nikamwambia anishukuru mimi kabla hajaua mtu.

Ya pili ni fremu ya Korola. Ngumu, zimejaa kila mahali. Lakini ukiifunga itabidi tukate sakafu, na usukani usogee. Utakuwa na Korola iliyovaa koti la Pijo.

Ya tatu, niitengeneze mpya mimi mwenyewe hapa gereji, kwa chuma kinene, ukinipa wiki kadhaa. Huo ndio ushauri wangu. Nitumie vipimo vya yale matundu manne ya boliti tu, yanapoishikilia kwenye bodi. Hayo mengine usijisumbue nayo, nayajua.

Msalimie kuku.

Hilary

*

Maisaka, Babati
20 Mei 2025

Ndugu yangu Hilary,

Nimechagua ya tatu. Ila "matundu manne tu" ni kazi ya mtu mvivu, na mimi hujawahi kunijua hivyo. Tumeifungua fremu ya zamani, tumeisugua kutu, na nimepasua mifuko miwili mitupu ya saruji nikaibandika pamoja na kuichora yote juu yake, kila kona na kila tundu. Nimepima kila urefu mara tatu nikachukua wastani. Mchoro umekunjwa humu ndani. Itengeneze kama ilivyo, usizidishe wala usipunguze. Namba hazidanganyi.

Tena nimegundua jambo la ajabu. Mahali unapofungwa mkono wa gurudumu, upande wa kushoto umerudi nyuma kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Nilikaa juu ya debe nikawaza nusu saa, kisha nikaelewa. Walioliunda walijua tunaendesha kushoto! Wakaliegemeza makusudi, ili dereva akisinzia gari likimbilie pembeni badala ya kwenda kukumbana na lori. Kumbe miaka yote lilipokuwa linavuta, lilikuwa linanilinda. Nimemweleza Anselimu, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Josephine hajui kitu. Namwambia nakwenda Singe kutazama mahindi.

Leonard

*

Pasua, Moshi
28 Mei 2025

Mwalimu,

Anselimu hakutikisa kichwa kwa mshangao.

Gari lile liliundwa Ufaransa. Wafaransa wanaendesha kulia. Kwa hesabu yako lingewalinda Wafaransa kwa kuwapeleka chini ya malori. Hapana, ndugu yangu. Fremu hiyo haikuzaliwa hivyo. Imepinda. Kuna kitu kiliigonga upande wa kushoto zamani sana, na ufa wako umeanzia hapohapo. Nikiifuata karatasi yako ya saruji nitakuwa nimekutengenezea kilema kipya.

Niruhusu niinyooshe. Pande zote mbili sawasawa, gari liende mbele kama gari la watu.

Hilary

*

Maisaka, Babati
3 Juni 2025

Hilary,

Imegongwa na nani? Gari hilo nililinunua kwa Mgiriki wa Kiru likiwa halina mwaka, na lilikwenda kama uzi. Nikaoa. Baada ya hapo nimeliendesha mimi peke yangu. Mtu mwingine aliyewahi kushika usukani wake ni wewe, mara moja, kutoka Dareda mpaka kanisani, na nilikukagua mwenyewe. Kuvuta kulianza baadaye, wiki ya kwanza ya ndoa, lilipokwisha kuzoea barabara zetu. Kwa hiyo jicho lako ndilo lililopinda.

Nisamehe, nimekwaruza. Ila nielewe. Sitafuti gari zuri. Nikitaka gari zuri nitapanda hiyo Noah. Nataka lile tulilopanda tukiwa hatuna mtoto wala bati juu ya nyumba, na mkono wangu unakumbuka jinsi lilivyovuta. Ukinipa linalokwenda vinginevyo, umenipa la mtu mwingine.

Fuata mchoro. Ukishindwa nitafunga ya Korola na tusilaumiane.

Leonard

*

Maisaka, Babati
9 Juni 2025

Shemeji Hilary,

Salamu nyingi kwako na kwa Antonia. Nakuandikia barua kwa sababu mzee wako akinisikia nikipiga simu kwako atauliza, na nikimjibu nitagombana naye. Jibu lako mpe konda, nitalifuata stendi mwenyewe.

Leonard ananificha jambo. Kila siku anakwenda Singe "kutazama mahindi". Mahindi gani yanayotazamwa kila siku? Yana homa? Anarudi jioni anachechemea, ameshika kiuno, kucha nyeusi, na ananuka mafuta ambayo sijawahi kuyanusa kwenye famasi yoyote. Nimeshajua. Kuna mganga kule, anampaka dawa za mgongo. Mimi! Nesi wa miaka thelathini na tatu, nimewachoma sindano nusu ya Babati, mume wangu mwenyewe anakwenda kupakwa dizeli!

Nisingejali sana. Lakini jubilei iko karibu na naogopa anaumwa zaidi ya mgongo, na ananificha mpaka sherehe ipite. Wewe hakuwahi kukuficha kitu. Niambie ukweli, shemeji. Nimezoea kupokea habari mbaya kuliko ninyi wanaume mnavyodhani.

Mama Rogathe

*

Pasua, Moshi
15 Juni 2025

Shemeji Mama Rogathe,

Tulia. Mzee wako ni mzima kama kengele, na hakuna mganga. Mgongo unamuuma kwa sababu analala chini kwa saa mbili wakati umri wake ni wa kulala juu. Zaidi ya hapo nimefungwa mdomo, usiniulize.

Ila mimi nina la kukuomba. Kuna jambo letu wawili, la asubuhi ile, pale kwenye kalvati la barabara ya Dareda. Uliniapisha, na miaka hamsini nimetunza kiapo. Hata Antonia sijamwambia. Sasa kimenibana. Ninabishana na mumeo na siwezi kumshinda bila kusema, na nisiposema nitafanya kazi mbovu kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba ruhusa nimwambie.

Lawama nitabeba mimi. Ni kweli zilikuwa zangu.

Hilary

*

Maisaka, Babati
21 Juni 2025

Shemeji Hilary,

Wewe hujui kutunza siri, unajua kunyamaza tu. Nilipofika kwenye neno "kalvati" nikavua miwani. Mtu anayenuka mafuta, anayelala chini, anayebishana na fundi wa vyuma! Nikachukua kikapu, nikapanda bajaji mpaka Singe, nikamwambia mke wa Anselimu nimefuata mayai. Leonard alikuwa mjini siku hiyo. Nikaenda uani, nikainua turubai.

Lilikuwa limenikodolea macho, shemeji. Lilelile. Nililia nikacheka, kuku wakanikimbia. Anselimu akanikuta hapo, nikambana mpaka akanieleza yote: fremu, mchoro na mpango wa jubilei. Miaka kumi na sita nimeamini limeyeyushwa likawa nondo, na sikuwahi kumwambia jinsi nilivyoumia aliposema ameliuza. Ni kweli mimi ndiye niliyemwambia aliuze. Lakini sikutaka liuzwe. Nilitaka liache kunisema. Kila lilipovuta kushoto lilikuwa linamwambia Leonard, "Ni mkeo huyu," na yeye hasikii.

Ngoja tukumbushane, maana nadhani umejisahaulisha. Wajomba zangu walikupa kibuyu cha pombe ya asali, kwa kuwa kwa desturi ya wazee wetu anayekuja kumchukua binti hanywi nusu wala hakatai. Ulipomaliza cha kwanza wakasema hicho kilikuwa cha upande wa baba. Ulikuja garini unaimba. Ukafika kwenye mwembe wa kwanza ukasimamisha gari ukasema barabara ziko mbili. Mama mdogo aliyenisindikiza akaanza sala ya kufa. Sista wa misheni alikuwa amenifundisha Landrova ya hospitali, kuzunguka uwanja tu. Nikakusukuma kiti cha pili, nikakunja gauni magotini, nikashika usukani na glavu zangu nyeupe. Nilifika vizuri mpaka kwenye lile kalvati. Jiwe sikuliona, shela ilikuwa imenishukia usoni. Gari likaruka, wewe ukaamka umepona ulevi. Ringi ilijaa tope, nikaifuta kwa ncha ya shela. Hilo ndilo "doa la mchuzi". Ukamalizia kuendesha wewe ile nusu maili mpaka kanisani.

Nilikusudia kumwambia mlangoni pa kanisa. Naapa. Nilishuka maneno yakiwa tayari mdomoni mwangu. Na Leonard akanipita. Akalizunguka gari, tairi kwa tairi, akainama, akasimama, ndipo akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka kulia kwetu, na bwana harusi anatazama matairi. Nikasema moyoni, kama ni hivyo, hutajua kamwe. Ilikuwa hasira ya mtoto, nayo imezeeka pamoja nami.

Kwa hiyo ruhusa sikupi. Nitasema mwenyewe. Kazi yako ni kuinyoosha hiyo fremu, usisikilize mchoro wa mtu yeyote. Na siku ya jubilei nitakuwa nimeketi ndani ya Pijo kabla hajafika. Nataka nione atatazama nini kwanza. Akitazama gari, nitamwambia tu, na tutaendelea kuishi kama tulivyoishi, maana ni mume mwema. Lakini nataka kujua.

Usimwambie kwamba najua.

Josephine

*

Pasua, Moshi
5 Julai 2025

Mwalimu,

Kifurushi kizito alichokuja nacho konda ndicho chenyewe. Usimtupie lawama kwa kulalamika, watu watatu wamekibeba.

Nimeinyoosha. Kabla hujaanza kupayuka, sikiliza. Nilianza kufuata karatasi yako. Nilikata, nikashikiza kidogo, nikaisimamisha mezani, na mkono wangu ukakataa kuendelea. Nimefanya kazi hii miaka hamsini na mbili, sijawahi kupinda chuma kwa makusudi. Basi ifunge hivyo ilivyo, endesha mara moja. Isipokupendeza, nakuahidi nitakutengenezea iliyopinda kama unavyotaka, na nitaichoma nikiwa nimefumba macho yote mawili.

Igonge kwanza kwa nyundo. Utasikia inavyolia.

Habari moja mbaya. Madaktari wa macho wamenipangia upasuaji tarehe 13 Agosti, nikikosa nasubiri mpaka mwakani. Vumbi nimekatazwa wiki mbili. Kwa hiyo jubilei sitakuwepo, na nimehuzunika kuliko ninavyoweza kuandika. Fremu hiyo ndiyo itakayosimama badala yangu. Safari hii haijanywa kitu.

Hilary

*

Maisaka, Babati
19 Julai 2025

Ndugu yangu Hilary,

Umenishinda, na nimejeruhiwa.

Kwanza nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaigonga kwa nyundo kama ulivyosema. Ililia kama kengele ya shule, kuku wote wakainua shingo. Anselimu akasema, "Mjomba, mimi naifunga, wewe endelea kununa." Matundu yote manne yakaingia boliti bila kusukuma. Hapo nikaacha kununa.

Jana nikaliwasha, nikatoka nalo kwenye njia ya mashambani, Anselimu pembeni. Nikashika usukani kama nilivyoushika tangu ujana wangu, nimeuvuta kulia kidogo kulizuia. Hilary, halikuwa na la kuzuia! Likanitii. Likakata kulia, likavuka mfereji, likaingia kwenye mahindi makavu ya Wilbert, jirani wa Anselimu, kama mita ishirini hivi. Wilbert akatokea na panga akidhani ni ng'ombe wa mtu. Akakuta wazee wawili, mmoja Pijo na mwingine mimi, tumefunikwa na mabua mpaka kwenye vioo. Nimepata uvimbe kwenye paji la uso. Josephine ameukanda kwa maji ya moto bila kuuliza hata swali moja, nami nikashangaa.

Nikajaribu tena, mikono nimeilegeza. Likaenda mbele. Mbele tu, ndugu yangu, mpaka nikaona barabara ni pana kuliko nilivyoijua. Nilisimama nikalia kidogo, Anselimu akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Nilikuambia ukinyoosha litakuwa la mtu mwingine. Sivyo. Ndivyo lilivyokuwa siku niliyolinunua, nilikuwa nimesahau.

Lakini swali linabaki: nani aliipinda? Najua kwamba unajua. Sitakuuliza kwa barua.

Kwa sababu ya mikono yangu iliyozoea kuvuta kulia, Anselimu ndiye atakayeendesha siku hiyo. Mungu asaidie tu Josephine asigeuze uso. Nguo ameshashona. Nakuombea jicho.

Leonard

*

Maisaka, Babati
18 Agosti 2025

Hilary, mlevi wewe,

Antonia akusomee hii polepole, na akifika mahali pa kukuzomea asimame azomee.

Nimejua yote. Pombe ya asali, upande wa mama na upande wa baba! Barabara mbili! Na mimi nilikuandikia kwenye barua kwamba uliliendesha "kwa heshima". Miaka thelathini na minne nimesahihisha usukani kila nilipotoka nyumbani, bega langu la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto, wanafunzi walinichora hivyo ubaoni, kumbe nasahihisha kosa la bibi harusi. Na ile nadharia yangu ya Wafaransa ulikaa nayo ukaicheka peke yako. Nilikukasirikia kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikacheka, na bado sijamaliza.

Ilikuwa hivi. Jumamosi asubuhi Rogathe aliniambia mama yake anasukwa nywele kwa jirani Edda, nami nikashukuru Mungu kwa nafasi hiyo. Nikatafuta kiatu cha kushoto nusu saa. Kumbe Rogathe amekificha makusudi kunichelewesha. Nilipofika Singe, turubai lilikuwa limeshatolewa, gari limeoshwa, maua kwenye boneti, na Josephine ameketi kwenye usukani. Anselimu ameegemea ukuta anatafuna mua. Walikuwa wanajua wote! Kuku tu ndio hawakuwa kwenye kamati.

Aliniambia yote tukiwa njiani, maana ni yeye aliyeendesha. Glavu nyeupe, miaka sabini na moja, mikono imetulia kama anapima presha. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso uliogeuzwa dirishani, na badala yake ananisimulia huku anabadilisha gia. Tulipopita sokoni bodaboda walitufuata kwa honi mpaka kanisani. Wanawake walipomwona nani anashuka upande wa dereva walipiga vigelegele hadi padri akatoka nje kabla ya wakati wake. Nami nilishuka upande wa abiria na tai yangu, nimeletwa. Wengine walicheka. Sikumbuki lini nimekuwa na furaha kama ile.

Ilipofika wakati wa kushukuru waliosimama nasi mwaka ule, nilitaja jina lako, na kwa kuwa hukuwepo nikawaambia watu wapigie makofi fremu. Walidhani mzee amechanganyikiwa. Wakapiga hata hivyo.

Ile iliyopinda siiuzi kwa watu wa vyuma chakavu, safari hii ni kweli. Nimeipaka rangi, iko kibarazani chini ya picha ya harusi, na wageni wakiuliza Josephine ndiye anayejibu.

Pona upesi uje uone. Hatutakupa kitu cha kunywa.

Leonard

Shemeji, naongeza hapa chini karatasi haijaisha.

Amekuandikia mambo mengi na lile moja hakuliandika, kwa sababu hajui kama lilitokea. Nilikuwa nimeketi pale uani, moyo unapiga kuliko mwaka ule. Pijo limeng'aa, fremu mpya chini yake, tairi nne zimepakwa dawa zinawaka. Nikasema, sasa atainama.

Alipiga kona ya ukuta akaniona. Akasimama. Alikuwa anatazama tu, shemeji, ananitazama mimi, mdomo wazi, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Nikasubiri. Sikumsaidia. Mwisho nikaona nitalia kabla ya kanisani na Edda ameshanipaka poda, nikamuuliza, "Mbona hulizunguki gari?"

Akaniambia, "Gari gani?"

Shemeji yako,
Josephine